Ukihamia Kigoma usiulize mtaa wa kupanga, utachoka

Jamani hivi mtu akihamia Kigoma akiuliza apange wapi, kwanini kila mtu anamtajia mtaa wake yeye? Wa Ujiji anakwambia njoo huku vyumba bei poa, sawa, ila kazi yangu iko mjini kule stesheni ya reli na toka Ujiji ni kilomita 8 hivi, nauli ya kwenda na kurudi kila siku si ndo imeshakula hiyo bei poa yote. Wa Mwanga anasema kila kitu kipo, ndio kipo, na makelele yapo. Kibirizi unalala na harufu ya dagaa (nawapenda sana ila sio kwenye mashuka).

Sasa madalali! Anataka hela ya kukuzungusha kwanza, anakupeleka kwenye chumba masta, ukifungua bomba linakohoa upepo tu, mandoo yamejaa mlangoni, luku moja nyumba nzima na kuna mpangaji ana friji la kuuzia barafu, ukiuliza maji eti yanatoka usiku. Usiku upi bosi wangu? Na bado kodi miezi sita kwa mkupuo na yeye umpe ya mwezi mmoja, ya kunionyesha ndoo??