Mkiruka Nyimbo, Mmeruka Upelelezi

Kila ikitajwa Akai Hankachi, filamu ya Nikkatsu, studio ya Japani, ya mwaka 1964, hakosi mtu wa kukushauri: "Nzuri, ila sogeza mbele pale jamaa anapoimba." Anakwambia kwa upole kabisa, kama anayekutahadharisha na mwiba kwenye samaki. Na ni mtu yuleyule ambaye shujaa wa Kihindi akiimba dakika saba katikati ya ugomvi hanyanyuki hata kwenda msalani. Wahindi ruksa, Wajapani marufuku. Haya.

Tazameni kisa. Mikami, anayechezwa na Ishihara Yujiro, ni askari kanzu wa Yokohama. Katika kesi ya dawa za kulevya anampiga risasi mzee mwenye kibanda cha chakula, shahidi aliyenyakua bastola ya Ishizuka, mpelelezi mwenzake. Anaacha kazi, anakwenda kufanya kibarua cha ujenzi wa bwawa huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Baadaye anapata habari kwamba Ishizuka sasa ni tajiri, na amemwoa Reiko, binti wa marehemu. Anarudi Yokohama bila kitambulisho, bila bastola, bila mkuu wa kumtuma. Ana gita tu.

Mnaosogeza mbele mnadhani gita ni pambo. Gita ndilo kitambulisho chenyewe! Mikami amerudi kama nagashi, yaani mpigaji anayetiririka kutoka baa hadi baa usiku kucha. Kazi hiyo ilikuwapo kweli, na ilikuwa na taratibu zake. Unavaa gita kwa mkanda begani, unafungua mlango bila kualikwa, unauliza kama kuna anayetaka wimbo. Bei iliyozoeleka ilikuwa nyimbo tatu kwa yen 100. Mteja anachagua, ama umwimbie, ama aimbe mwenyewe nawe umsindikize. Hapo ndipo ufundi ulipo: mlevi anaanzia pale sauti yake inapomtuma, si pale ulipozoea kupiga, kwa hiyo lazima upandishe au ushushe wimbo mzima papo hapo. Ukichelewa, anapotea, anaona haya, halipi. Mwimbaji Kitajima Saburo alipitia shule hiyo mitaa ya Shibuya, Tokyo, kabla ya kuwa nyota.

Sasa pimeni kwa jicho la mpelelezi. Ni nani mwingine anayeweza kuingia baa ishirini usiku mmoja, akasimama hatua mbili kutoka meza ya jambazi, asiulizwe amefuata nini? Askari akiingia, maongezi hukatika. Mpiga gita akiingia, watu huendelea kuropoka, tena huinua sauti ili wasikike juu ya nyuzi. Upande wa pili wa mambo ni mtamu zaidi: mitaa ile ilikuwa na wenyewe. Wapigaji walikuwa chini ya mabosi waliogawana maeneo, na mgeni asiyejulikana hakuachwa apige kwa raha zake. Kwa hiyo wimbo mmoja tu unatosha kupeleka salamu kwa watu unaowatafuta. Mikami hahitaji kugonga milango, watamfuata wenyewe. Ninyi hapo mmeshabonyeza kitufe.

Haya, nakubali, shingo upande. Okestra inayozuka kutoka mbinguni mtu akiwa peke yake kizani na gita moja inachekesha. Sababu yake ni ya kifundi: katika filamu za aina hii wimbo hurekodiwa kwanza studio, kisha hupigwa kwenye spika wakati wa kupiga picha, mwigizaji akiufuata kwa midomo. Akivuta pumzi nusu sekunde nje ya mahali pake, imeharibika. Vidole vya mkono wa kushoto ndivyo vinavyoumbua zaidi, ndiyo maana kamera hupenda kukimbilia mgongoni, au kwa mwanamke anayesikiliza. Na ndiyo, wimbo wenye jina hilohilo, Akai Hankachi, ulitangulia filamu. Ulitoka 1962, filamu ikashonwa kuuzunguka. Biashara. Lakini Masuda Toshio, mwongozaji, aliishona nguo ikakaa mwilini.

Wanaosema filamu hii ya rangi haiwezi kuitwa noir, yaani filamu ya uhalifu yenye giza na huzuni, sina muda nao.

Asiyemtaka Ishihara ajaribu filamu Gitaa o motta wataridori ya 1959: Kobayashi Akira, naye aliyekuwa mpelelezi, anatua Hakodate na gita lake. Ni nyepesi zaidi, imejaa ngumi, na mwigizaji Shishido Jo yumo na yale mashavu aliyoyajaza kwa upasuaji.

Msitegemee itengenezwe nyingine kwa mtindo ule bila kurudi nyuma miaka. Mwaka 1971 huko Kobe, Inoue Daisuke, mwenyewe mpiga muziki wa baa, alitengeneza kisanduku cha sarafu kilichowapigia walevi muziki waimbe wenyewe. Karaoke ilipoenea, gita likakosa sababu ya kuingia mlangoni. Mikami wa leo itabidi abishe hodi na bisibisi, aseme amekuja kurekebisha mashine.