Baunsa na miss, tofauti iko wapi hasa?

Kuna ule ubishi wa kijiweni kwamba kutunisha misuli ni michezo ila umiss ni kukaa nusu uchi mbele za watu, na mi kila nikiusikia najiuliza hivi hawa jamaa wamewahi kweli kukaa wakaangalia shindano la mabaunsa mwanzo mpaka mwisho? Maana mtu anatoka na kichupi kidogo kuliko cha mrembo yeyote, kabandikwa namba kiunoni, kapakwa rangi ya kahawia utadhani kabati limepigwa vanishi jana, anatunisha kifua kwa pembeni, anageuka aonyeshe mgongo, majaji wanaandika. Hanyanyui kitu, vyuma vyote kaviacha jimu. Hakuna goli, hakuna saa, ni macho ya majaji tu kama kule kwa mamiss.

Na haijaanza leo. Mwaka 1901 Eugen Sandow, baunsa maarufu wa enzi hizo, aliandaa shindano kubwa la misuli pale Royal Albert Hall, London, majaji wenzake wakawa Arthur Conan Doyle yule mwandishi wa riwaya pamoja na mchongaji sanamu. Mchongaji sanamu jamani! Hapo mwenyewe unaona walikuwa wanatafuta nini.

Sasa wanaotetea misuli wana hoja moja nzito, na nawapa: misuli inatafutwa. Ronnie Coleman kachukua Mr. Olympia, shindano kubwa la mabaunsa duniani, mara 8 mfululizo, 1998 mpaka 2005, misuli ile huzaliwi nayo, wakati urefu na sura ni mama kakupa. Ila waulize watu wa jimu kuhusu vigimbi, kuna mtu anavipiga miaka kumi na havisogei, mwenzie hata hajagusa chuma anavyo tangu shule ya msingi. Na miss naye kutembea vile na viatu virefu bila kuangalia chini hakuzaliwa nako.

Kwenye afya ndo sioni kabisa michezo iko wapi. Siku za mwisho mabaunsa wanapunguza maji mwilini ili ngozi ibane misuli ionekane, yaani siku anayoonekana ana nguvu kuliko wote ndo siku yuko hoi kuliko wote, na baunsa Momo Benaziza mwaka 1992 alifariki saa chache baada ya shindano kule Uholanzi. Mamiss wana njaa zao pia, sikatai.

Halafu kuna kitu watu hawakisemi: miss anapewa maiki anaulizwa swali. Atababaika, atajibu majibu ya kukariri, lakini kaongea. Baunsa anapanda na kushuka hajafungua mdomo, sasa nani kafanywa mwili mtupu?

Lakini aibu yote tumemtwisha mwanamke. Kwetu Tanzania Theresa Shayo alivikwa taji 1967, mwaka uliofuata mashindano yakapigwa marufuku eti hayaendani na utamaduni, mpaka 1994 ndo yakarudi. Miss World wenyewe wameshaondoa vazi la kuogelea jukwaani tangu 2015, ila vichupi vya mabaunsa wala havijamnyima mtu usingizi.

Na mwanamke akisema basi ngoja nitunishe misuli na mimi, nako anakutana na yaleyale. Mwaka 1992 shirikisho la mabaunsa, IFBB, likawaelekeza majaji wasiwape nafasi wanawake waliojaa misuli kupita kiasi, wabaki na "uanamke". Ikafika 2010 Olympia ikaleta kundi la bikini, viatu virefu, nywele zimetengenezwa, mekapu, we niambie hapo kuna tofauti gani na miss. Iris Kyle, yule aliyejaa misuli hasa, alichukua Ms. Olympia, ile ya wanawake, kwa mara ya 10 mwaka 2014, na baada ya hapo shindano lenyewe likafutwa, likaja kurudi 2020. Kundi la bikini halikufutwa hata mwaka mmoja.