Kaskazi Ikivuma, Angalia Juu ya Paa

Mwezi wa pili mwaka jana, baada ya swala ya alasiri, jirani yetu hapa Kisauni, Mombasa, alichoma taka kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba zetu. Kiwanja chenyewe mwenyewe haonekani. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, na katikati ulisimama mnazi uliokufa, makuti yake makavu yakining'inia. Jirani hakuwa na nia mbaya. Taka zilikuwa zimelala wiki tatu na watoto wanacheza hapo. Moto alioukoka ulikuwa mdogo, usingetosha hata kuchemsha chai. Kisha kaskazi ikaja. Moto ukashika nyasi, ukapanda mnazi, na kule juu makuti yakawaka kwa mkupuo mmoja, yakaanza kumwaga cheche upande wetu.

Nilikiona kipande kimoja kwa macho yangu. Hakikuzidi urefu wa kidole, chekundu nchani. Kilipita juu ya mabati yetu bila kugusa, kikatua kwenye banda la makuti la bibi wa nyumba ya tatu, pale anapokaangia mahamri. Kwa kitambo hakikufanya lolote. Halafu ukatoka moshi mwembamba, mweupe kama wa ubani. Kijana wa mtaani akachukua upembo wa kuangulia maembe, akalivuta kuti lililoshika pamoja na mengine matatu ya kando yake. Yalianguka uani tukayafukia mchanga. Gari la zimamoto lilipofika tulikuwa tumeshamaliza, na kwa vyovyote lisingeweza kupenya kichochoro chetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma sana habari za moto, na nimeona tunaogopa kitu ambacho sicho. Tunaogopa ukuta wa moto unaotembea. Wanaochunguza mioto ya nyika Marekani na Australia wanasema nyumba nyingi huunguzwa na cheche zinazorushwa na upepo mbele ya moto wenyewe, pengine zaidi ya kilomita nzima. Cheche hizo hutua kwenye majani makavu yaliyojaa mferejini mwa paa, au kwenye rundo la kuni lililoegemezwa ukutani, na nyumba huungua huku moto mkubwa ukiwa bado mbali. Ndiyo maana huko watu huhimizwa kusafisha kwanza mita moja na nusu kuzunguka ukuta, pasibaki kitu cha kushika moto. Mimi niliipima mita hiyo na nusu kwetu. Nilikuta makumbi ya nazi, gunia la makaa, godoro kuukuu na madumu ya plastiki. Vyote nimevihamisha, na kazi yenyewe haikumaliza hata asubuhi moja.

Wengine huniambia hayo ni mambo ya Wazungu wenye misitu. Nami huwatajia Lahaina, mji wa pwani huko Hawaii, wenye nyumba kongwe za mbao na bahari mbele yake. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali uliusukuma moto hadi ndani ya mji. Watu 102 walikufa na majengo zaidi ya 2,000 yakateketea. Pale hapakuwa na msitu. Palikuwa na nyasi kavu, zilizomea kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa. Miongoni mwa nyasi zilizotapakaa visiwani humo ni nyasi za Guinea, ambazo asili yake ni huku kwetu Afrika. Kiwanja kisicho na mwenyewe, nyasi, upepo, nyumba zilizobanana: hebu niambie ni kipi kati ya hivyo hatuna kuanzia hapa hadi Mtopanga na Mshomoroni.

Jambo la Lahaina linaloniuma zaidi ni ving'ora. Vilikuwepo, lakini siku ile havikulia. Wako waliojua kuna moto walipouona umefika, na wengine wakajitupa baharini kujiokoa. Sisi ving'ora hatuna, ila tuna kitu ambacho naamini ni bora zaidi: vipaza sauti vya misikiti. Hakuna nyumba mtaani kwetu isiyosikia adhana. Maimamu na kamati za misikiti wangekubaliana tu kwamba moto ukitokea, saa yoyote, muadhini atangaze ni wapi na watu watokee njia ipi. Makanisa nayo yana kengele na spika. Sioni sababu ya kulisubiri hili lipitishwe na ofisi yoyote.

Na ufunguo wa geti uko wapi usiku? Nauliza kwa dhati. Kwa kuogopa wezi tumetia vyuma kila dirisha, tukafunga mlango kwa geti na kufuli kwa ndani, kisha ufunguo ukaingia mkobani mwa mama au chini ya mto wa baba. Umeme ukizimika na moshi ukajaa, mtoto wa miaka tisa ataupata vipi? Kwetu sasa unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, mkono wa mtoto unaufikia lakini wa mwizi aliye nje haufiki. Tulifanya zoezi taa zikiwa zimezimwa. Mara ya kwanza mwanangu alipapasa ukuta mpaka akaanza kulia, mara ya tatu akafungua.

Makuti siwaambii watu wayaache. Nyumba ya makuti ina ubaridi wake, na kuna wasioweza bei ya mabati. Ninachoomba ni jiko lisikae chini ya makuti, na kila safu ya nyumba iwe na ngazi na upembo mahali panapojulikana, maana wakati mwingine paa huokolewa kwa kuezuliwa upande mmoja. Maji yetu ya mfereji ni ya kubahatisha, basi ndoo za mchanga zikae uani. Mchanga haukauki wala haulipiwi bili. Ukitoka, funga mtungi wa gesi na uzime umeme kama njia ni salama. Vyeti na hati viwe kwenye mfuko mmoja. Mkishatoka, msirudi ndani.

Wagonjwa na wazee ndio hasa wanaohitaji mpango wa mtaa mzima. Bibi wa mahamri hatembei bila mkongojo. Siku ile sote tulikuwa tumetazama juu ya banda lake, na hakuna aliyemwuliza yeye yuko wapi. Alikuwa chumbani, amekaa kitandani, anangoja. Aliponiona alisema, "Mwanangu, nilijua mtakuja." Sikuweza kumjibu. Sasa vijana wawili wa nyumba za jirani wamepewa jukumu lake, na yeye anawajua.

Tumeanza kukutana barazani baada ya Isha. Nyasi za kile kiwanja tumezifyeka wenyewe, na taka hazichomwi tena pale upepo ukiwepo. Umebaki mnazi. Mkwezi amekataa kuupanda kwa kuwa umeoza, anataka ukatwe kutoka chini kwa kamba na watu wanne. Tunachanga ili uwe umeanguka kabla ya Desemba, kaskazi isije ikaukuta.