Nimelipa mbuzi watatu kwenda kuangalia ukungu

Jamani naombeni mnisikilize maana nina siku ya tatu tangu nirudi kutoka Uswisi na hasira haijashuka, Neema kila saa anauliza kwenye grupu "eti tulifurahi sana eeh?" mi namrudishia dole gumba, ila moyoni nafukuta.

Mnielewe kwanza. Mi ni mtu wa Marangu. Nimezaliwa, nimechapwa na nimepata kipaimara chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, na theluji nilikuwa naiangalia bure nikipiga mswaki. Kuupanda sijawahi, kwetu mlima wanapanda wageni na wagumu wanaowabebea mizigo, sisi wengine tuna shughuli. Sasa nipo Stuttgart mwaka wa nne huu, wenzangu wakaja na wazo kwamba tuchange twende Alps tukaone milima mirefu. Mirefu! Nikanyamaza kwa adabu tu. Huko Alps kote mkubwa wao ni Mont Blanc, na Kibo anamzidi kwa zaidi ya kilomita nzima, lakini ukisema hivyo mbele ya watu unaambiwa unajisikia, basi nikatoa mchango.

Tulikuwa wanne, mimi, Neema, Hemedi wa Tanga, na Frenki ndo dereva. Mpakani tukanunua stika ya barabara faranga 40. Ni ya mwaka mzima, nikauliza hamna ya siku mbili, wakasema hamna, ya mwaka tu. Kwa hiyo hivi ninavyoongea nina haki ya kuendesha Uswisi miezi kadhaa ijayo na gari sina, la Frenki.

Tukafikia Lauterbrunnen, na hapa niseme ukweli, pazuri. Bonde lina kuta za mawe pande zote mbili halafu maporomoko yanashuka kutoka juu huko, lile kubwa linaitwa Staubbach ni karibu mita 300, maji yakifika chini yameshakuwa mvuke. Hemedi alisimama akaangalia weee, akasema hapa pangekuwa kwetu usingekatiza saa saba mchana bila kupiga hodi.

Shida ikaanza kwenye chakula. Neema alishaamua tangu Stuttgart kwamba lazima tule fondue, ndo kula kwa huko. Sasa fondue ni nini, ni chungu cha jibini iliyoyeyushwa kinawekwa katikati juu ya kamoto, mnapewa miuma mirefu na vipande vya mkate, unachoma mkate unachovya. Ndo hivyo. Mi nasubiri mboga, naona mhudumu kaondoka. Nikamwambia Neema, dada, tumeletewa mchuzi bila nyama. Akasema kula bwana hii ni chizi orijino. Nikamwambia chizi ni mimi niliyetoka Ujerumani kuja kula mkate.

Hemedi akauliza humo mmetia nini, mhudumu bila wasiwasi anataja jibini, kitunguu saumu, divai nyeupe na kidogo pombe ya cheri. Hemedi akaweka uma chini taratibu kama mtu aliyeona nyoka. Akaletewa rösti, ambayo jamani ni viazi vimekwaruzwa vikakaangwa vikashikana, juu wakamwekea yai. Yaani chips mayai! Chips mayai imepanda mlima ikapata jina la Kijerumani na bei ya kilo tatu za nyama! Akatoa chupa ya pilipili kwenye begi (mtu wa Tanga hasafiri mikono mitupu), na nakwambia yeye ndo peke yake aliyeshiba usiku ule. Mi mkate wangu ulidondokea kwenye chungu, kumbe kuna sheria, ukidondosha unawanunulia wenzako kinywaji. Nimelipa kwa kosa la uma kuwa mrefu.

Maji ya bomba kwenye glasi wakayatia kwenye bili. Nje ya mlango, hatua kumi, pana bomba la kijiji linamwaga maji hayo hayo usiku kucha, unakinga bure. Halafu mhudumu akauliza, mnalipa pamoja au kila mtu na yake, na Neema huyu ambaye harusini kwa kaka yake alitutangazia kwamba sisi ni familia moja, akawahi kabla swali halijaisha: kila mtu na yake.

Kulala sasa. Ng'ombe wa huko wanavaa kengele shingoni, kubwa, na kiangazi wanapelekwa juu mlimani kula majani mabichi na upepo, wakishuka vuli kuna sehemu wanavishwa maua kichwani kabisa. Maua! Kwetu ng'ombe anakaa bandani na mimi ndo nashuka tambarare kumkatia majani, nabeba kichwani, nikifika ananiangalia kama nimechelewa. Sasa hawa walikuwa malishoni nyuma ya dirisha letu na hawalali. Ngo-ngo-ngo mpaka alfajiri, nikawa naota nimerudi shule ya bweni.

Asubuhi treni ya kwenda Jungfraujoch, stesheni ya juu mlimani kwenye barafu. Nauli kwenda na kurudi zaidi ya faranga 200, na faranga moja ni kama elfu tatu za kwetu, wewe piga mwenyewe, hao ni mbuzi watatu wa sikukuu. Stesheni kuna televisheni inaonyesha hali ya huko juu muda huo huo, na ilikuwa nyeupe tupu. Hemedi akasema jamani si tunaona? Nikasema mi mtoto wa mlimani nayajua mawingu, saa nne yanaachia. Hapo nakiri, nilijiroga mwenyewe.

Reli yenyewe ina meno katikati, treni inapanda kama mjusi, mwisho inaingia ndani ya mlima Eiger. Walilitoboa jiwe lile kuanzia 1896 hadi 1912, miaka 16, heshima zao. Njiani inasimama kwenye madirisha ya mwambani mchungulie barafu. Tukachungulia. Nyeupe. Tukafika juu, mita 3,454, stesheni ya juu kuliko zote Ulaya, kichwa kinanigonga, na pale nje kuna mto wa barafu wa zaidi ya kilomita 20 unaitwa Aletsch. Mi nimeona mita tatu. Na binamu yangu mgumu huwa anapika uji Horombo, kambi ya njiani kupanda Kibo, mita 3,720, na ndoo ya maji begani, haumwi kichwa.

Basi nikapiga selfi nikamtumia mama.

"Mwanangu mbona umesimama kwenye moshi, nini kinaungua?"

Shikamoo mama, hakiungui kitu, nipo mlimani, hiyo nyuma yangu ni theluji.

Kimya. Baadaye ikaingia picha, kaipiga kutoka mlango wa jikoni, chini migomba, juu Kibo mweupe peee, hata kipande cha wingu hakuna.

"Leo katoka mzima. Huko wamekulipisha?"

Nikazima data.