Farasi kaondoka, mwandikisheni mtoto

Binti yangu ana miaka 11, na tangu Septemba ni mwanachama wa klabu ya pentathloni ya kisasa ya vijana hapa Uingereza tunakoishi. Nilipompa habari hizo mama yangu, aliyeko Tanga, alikaa kimya kidogo kwenye simu.

"Mjukuu wangu anafundishwa bastola?"

"Mama, haina risasi. Inatoa mwanga tu."

Binti akaichukua simu akamweleza mwenyewe: "Bibi, ukilenga sawasawa taa inawaka kijani."

Mchezo huu ni mitano ndani ya mmoja. Umo Olimpiki tangu Stockholm 1912, na aliyeuleta, Pierre de Coubertin, alikuwa akimfikiria askari aliyejikuta katikati ya maadui: apigane kwa upanga, avuke maji, apande farasi asiyemjua, afyatue, akimbie. Wanawake waliruhusiwa kuushindania Olimpiki mwaka 2000 tu, huko Sydney.

Kwa familia kama yetu, farasi ndiye aliyekuwa ameshika komeo la mlango. Watoto wadogo hawakushindana kwa farasi, ni kweli, lakini mzazi ulijua mbele kuna nini: mtoto akishaiva, ndipo gharama za kumfundisha kuruka na farasi zinapokuja. Miaka mitatu iliyopita niliuliza bei ya masomo ya kupanda farasi karibu na kwetu, nikashukuru, nikaondoka.

Kisha ikaja Tokyo. Agosti 2021 Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa anaongoza, akapewa kwa kura farasi aliyegoma kuruka, na ulimwengu mzima ukamwona akilia juu ya tandiko. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu likaamua farasi atoke. Paris 2024 ilikuwa mara yake ya mwisho, na kuanzia Los Angeles 2028 mahali pake panachukuliwa na njia ya vizuizi: kuning'inia kwenye vyuma, kuparamia ukuta, kuruka. Wachezaji wakubwa wengi walipinga, na uchungu wao nauelewa, maana walikuwa wamempa farasi miaka yao. Lakini mimi nasema uamuzi ni wa haki. Mtoto aliyekulia kupanda miembe vizuizi hivyo anavijua mwilini tayari.

Ninachokipenda zaidi ni ile sehemu ya mwisho, ya kukimbia na kulenga. Binti anafika mezani anahema, shabaha iko meta 10 mbele, na taa tano zinangoja kugeuka kijani. Siku ya kwanza alifyatua mara saba bila kupata hata moja, akanigeukia machozi yakimlengalenga. Kocha hakumkemea. Alimwambia airudishe bastola mezani, apumue mara mbili, ndipo ainue tena. Kanuni yenyewe inataka bastola iguse meza kila baada ya kufyatua, kwa hiyo pumzi hiyo imo ndani ya mchezo. Na sekunde 50 zikipita, hata kama taa hazijatimia, unaruhusiwa kuendelea na mbio. Haachwi mtoto amesimama pale kwa aibu. Sijui mchezo mwingine unaomfundisha mtoto kujituliza wakati moyo unamwenda mbio, tena kila wiki.

Wenzangu huniambia huu si mchezo wetu Waafrika. Ahmed Elgendy wa Misri alipata medali ya fedha Tokyo, ya kwanza ya Afrika katika mchezo huu, kisha Paris akachukua dhahabu kwa pointi 1,555, rekodi ya dunia wakati huo. Basi ni wetu.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu, kitara na bastola visimtishe. Klabu yetu inaazima vyote, na nadhani nyingi hufanya hivyo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua chochote. Kazi kubwa ni kuogelea. Mashindano ya wakubwa ni meta 200, na mtoto anayeogopa maji atahangaika mwaka mzima hata kama ana mbio za swala. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa nasikia bahari, na sikufundishwa kuogelea kwa sababu ya usichana wangu. Sasa Jumatano, binti anapokuwa kwenye mazoezi ya vitara, mimi niko kwenye bwawa la jengo lilo hilo na wanafunzi wa watu wazima. Nimefikisha meta 25.