Iliki za mama mkwe

Jamani ukweni mimi sirudi leo wala kesho. Nilipelekwa huko Amani, juu ya Muheza, kusalimia, mama mkwe akaniambia baba twende ukanisaidie kuchuma iliki, nikajibu haraka haraka twende mama, mkwe gani anakataa?

Sasa iliki za kule hazilimwi juani kama mahindi, zinapandwa ndani ya msitu, wanafyeka vichaka vya chini tu, miti mikubwa inaachwa itoe kivuli. Shamba la mama liko upande wa kijiji maana kwenye hifadhi ya msitu ya Amani tangu ianzishwe 1997 hakuna kulima. Majani yamenipita kichwa, chini giza, unyevu, majani makavu yameoza mguu unazama. Mama kavaa gambuti, mi nina raba na suruali ya kitambaa ya kwendea ukweni.

Nikaanza kupekua majani ya juu natafuta iliki, wapi! Mama ananitazama tu mwisho akasema baba iliki ziko chini, na kweli bwana, vikonyo vinatokea shinani vinatambaa ardhini, tena unachuma zikiwa bado kijani kabla hazijapasuka. Haya, nikapiga magoti nikaingiza kichwa shinani, nachuma kwa sifa, nataka kapu langu lijae kabla ya lake.

Kumbe goti liko kwenye njia ya siafu.

Siafu wana roho mbaya, wanapanda kimya kimya mpaka wafike pazuri ndo wanauma wote kwa pamoja. Nikaruka nikapiga ukelele, ndege wakahama mti. Na siafu humng'oi kwa juu ya nguo, ni kuvua. Mbele ya mama mkwe! Nikajikaza, nikasema hamna kitu mama ni kijiti tu, huku nacheza mdundiko peke yangu.

Mama akageuka akanipa mgongo, akanirushia kanga yake ya mabegani, vua baba, mimi sioni. Nikavua. Ukimvuta siafu kiwiliwili kinakatika kichwa kinabaki kimeng'ata, nimekaa pale nang'oa vichwa na mama anaendelea kuchuma zake taratibu, kapu linajaa, ananiuliza bila kugeuka, wameisha baba? Bado mama.

Suruali ilikuwa bado inatembea yenyewe, ikabidi nirudi kijijini na kanga. Njia nzima watu wananiamkia kwa adabu, nikishapita tu nyuma kinaangushwa kicheko. Mke wangu ndo akanigeuza akanisomea maandishi kwa sauti, na baba mkwe yuko barazani: MFICHA UCHI HAZAI.