Kurudi Mombasa na gari lako: tarehe kwanza, gari baadaye

Mtu aliyekaa Uingereza, Oman au Marekani miaka kadhaa akianza kufunga mizigo arudi Mombasa, suala la gari huja mapema: alipakie melini au aliuze hukohuko? Wako wanaosema gari alilolitumia mwenyewe historia yake anaijua, hakuna aliyemrudishia nyuma kilomita, na tena mkaazi anayerejea amesamehewa ushuru, basi kuliacha ni kutupa pesa. Wako wanaojibu kwamba gharama za bandarini zitakula chote alichookoa, kisha spea azitafute mpaka achoke. Kila upande una haki yake. Lakini mabishano haya mara nyingi huanzia katikati. Kabla ya gari lenyewe kuna tarehe: iliyo kwenye kitabu cha gari, zilizo kwenye pasipoti, na ile ambayo gari lilisajiliwa mara ya kwanza. Hizo zisipokaa sawa, uzuri wa gari hausaidii kitu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha uzito wa msamaha. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa gari la mtumba Kenya ni asilimia 35. Juu yake hukaa ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, asilimia 25 kwa inayozidi hapo, na asilimia 35 kwa petroli ya zaidi ya cc 3000 au dizeli ya zaidi ya cc 2500. Kisha VAT asilimia 16, ada ya tamko la kuingiza bidhaa, IDF, asilimia 2.5, na tozo ya reli asilimia 2. Kodi hizi hupandiana. Chukua gari la cc 1800 ambalo thamani yake ya forodha ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni 350,000. Ushuru wa bidhaa hupigwa juu ya 1,350,000, nao ni 337,500. VAT hupigwa juu ya 1,687,500, nayo ni 270,000. Ongeza IDF 25,000 na tozo ya reli 20,000. Jumla ni 1,002,500. Kwa maneno mengine, asiye na msamaha analinunua gari lake mara ya pili.

Na thamani hiyo ya forodha si bei uliyolipa wewe. Mamlaka ya mapato, KRA, ina orodha ya bei za rejareja za magari mapya, maarufu kwa jina la CRSP. Huchukuliwa bei ya modeli yako humo, hupunguzwa uchakavu kulingana na umri, kisha hutolewa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo ya rejareja. Risiti inayoonyesha kwamba ulilipata kwa bei ya kutupa kutoka kwa jirani haitashusha kodi. Mtu asipande meli na tumaini hilo.

Sasa msamaha wenyewe. Unatokana na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na masharti yake yameandikwa waziwazi. Mwenye gari awe ametimiza miaka 18 na anahamisha makao, si kuja likizo. Awe ameishi nje angalau miaka miwili. Gari awe amelimiliki na kulitumia huko nje angalau miezi 12, na siku za safari ya baharini hazihesabiwi. Asiwe amepewa msamaha kama huo katika miaka minne iliyopita. Gari ni moja tu. Na liingie nchini ndani ya siku 90 tangu mwenyewe afike. Kamishna anaweza kuongeza muda, lakini usipite siku 360.

Masharti haya yanawaangusha wengi, na sababu si ujanja, ni kutohesabu. Katika ile miaka miwili kabla ya kurejea, siku ulizokaa Kenya zikijumlishwa zisifike 90. Mtu wa Doha au Jeddah anayekuja kila mwaka kufunga Ramadhani nyumbani na kula Idd, mwaka mmoja akaongeza arusi ya mdogo wake, mwingine akaitwa kwenye msiba, anaweza kuvuka siku 90 bila kujua. Mihuri ya pasipoti ndiyo itakayohesabiwa, si kumbukumbu yake. Hesabu mihuri yako mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kabla hujazungumza na wakala yeyote wa kutoa mizigo.

Miezi 12 ya umiliki nayo ina mtego wake Uingereza. Magari mengi kule hununuliwa kwa mkopo, na kile kitabu chao cha V5C chenyewe kinaeleza kwamba aliyeandikwa humo ni mtunzaji aliyesajiliwa, huenda si mmiliki. Ikiwa kampuni ya mkopo bado inadai, gari ni la kampuni hiyo, na huna ruhusa ya kulitoa nchini. Maliza deni kwanza, upate barua ya kumaliza, uiweke pamoja na risiti ya kununulia. Wakati wa kuondoka, jaza sehemu ya kitabu inayohusu kulitoa gari nchini kwa kudumu, ikate, uitume DVLA, idara yao ya usajili wa magari. Kitabu kilichobaki uje nacho. Miezi kamili ya kodi ya barabara iliyosalia utarudishiwa. Na jina lililo kwenye kitabu liwe la yule yule anayeomba msamaha.

Waliotoka Ghuba, Marekani au Ujerumani wana tatizo jingine: usukani uko kushoto. Gari la namna hiyo halisajiliwi Kenya kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo kulipakia ni hasara tupu. Ila mlango haukufungwa. Mkaazi anayerejea kutoka nchi za usukani wa kushoto anaweza kuliuza gari lake huko, akaingiza badala yake la usukani wa kulia kwa msamaha ule ule, mradi athibitishe kwamba lile la kwanza lilikuwa lake kwa mwaka mzima, kwamba ameliuza, na kwamba thamani ya linalokuja haizidi ya lile. Hapa ndipo karatasi hupotea. Mtu anamkabidhi mnunuzi wa Dubai ufunguo na mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari, anapokea pesa zake, anapanda ndege mikono mitupu. Piga nakala ya kila mulkiya uliyowahi kupewa kwa gari hilo, na nakala ya hati ya kuhamisha umiliki yenye tarehe. Bila hizo huna cha kuthibitishia.

Umri wa gari hauna huruma kwa yeyote. Kiwango cha shirika la viwango la Kenya, KEBS, kiitwacho KS 1515, kinataka gari liwe chini ya miaka minane, na hesabu hufuata mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026 linaloruhusiwa ni lililosajiliwa kuanzia 2019. Ikigonga 1 Januari 2027, la 2019 limeshapitwa. Pia tofauti kati ya kuundwa na kusajiliwa isizidi mwaka mmoja. Mwenye gari lililo kwenye mwaka wake wa mwisho akilipakia Southampton mwezi wa Novemba anacheza na hatari kubwa, kwani gari linatakiwa liwe limefika kabla mwaka haujaisha. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari zimerefuka. Ushauri wetu kwa gari la namna hiyo ni kuliuza huko, hata kama masharti mengine yote yametimia.

Kabla ya kupakiwa, gari likaguliwe na kampuni iliyoteuliwa na KEBS katika nchi hiyo, litolewe cheti cha ubora wa barabarani. Kulikagulisha huku baada ya kufika kunagharimu zaidi na kunachelewesha.

Njia ya kusafirisha ni mbili. Kwenye meli ya magari, gari huendeshwa hadi ndani na huteremshwa vivyo hivyo. Ni nafuu kwa kawaida, lakini hutaruhusiwa kuweka vyombo ndani, na ufunguo unapita mikono mingi. Redio, jeki na gurudumu la akiba ndivyo vinavyotoweka. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa kama mita 5.9. Gari la mita 4.4 linaacha mita moja na nusu ya kuweka magodoro, vyombo na vitabu. Gari lifungwe kwa mikanda na vigogo vya mbao chini ya magurudumu, mafuta yabaki kidogo sana, na betri ichomolewe nyaya. Kwa anayehama na nyumba nzima, kontena lina mantiki zaidi. Angalizo moja: maafisa wa forodha hukagua kila kilichomo, na runinga tatu mpya ndani ya maboksi yao zitaleta maswali ambayo yatalizuia gari pia, maana yote yako ndani ya sanduku moja.

Fika wewe kwanza, gari lifuate wiki moja au mbili baadaye. Likitangulia gari, hakuna pasipoti yenye muhuri wa kurejea, wakala hawezi kukamilisha maombi, na ada ya kuhifadhi inahesabika kila siku. Kwa sababu msamaha unagusa kodi tu. Ada za kampuni ya meli, za bandari ya Kilindini, za yadi za kuhifadhia shehena (CFS) kule Changamwe au Miritini, ukaguzi na malipo ya wakala, zote utalipa kama mtu mwingine yeyote. Ulizia kila moja kwa maandishi mapema. Wakala anayetaja bei moja ya jumla kwa mdomo hajakwambia bei.

Kosa dogo linalokula pesa nyingi ni la namba ya chesisi. Magari ya Uingereza yana namba ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake herufi I, O na Q hazitumiki kamwe. Ukiletewa rasimu ya hati ya shehena ukaona O, ujue karani alikusudia sifuri. Linganisha namba hiyo na kitabu, na cheti cha ukaguzi, na bamba lililo kwenye gari lenyewe, moja moja, kabla meli haijang'oa nanga. Likigunduliwa Mombasa itabidi orodha ya shehena irekebishwe rasmi, na gari likae yadini likingoja.

Tuseme tarehe zote zimekaa sawa. Hapo ndipo gari lenyewe linastahili kujadiliwa, na hapa upande wa wapinzani una nguvu kuliko wengi wanavyokubali. Soko la spea la Mombasa limejengwa juu ya magari yaliyouzwa Japani. Jina la mbele halitoshi. Nissan Qashqai ya 2019 kutoka Uingereza yaweza kuwa na dizeli ya cc 1500 yenye asili ya Renault, injini ambayo fundi aliyezoea Nissan Note na X-Trail za Japani hajaigusa. Ford yenye injini ndogo ya EcoBoost ya lita moja yaweza kuwa na mkanda wa taimingi unaofanya kazi ndani ya oili. Ikimiminiwa oili nzito ya mazoea, mkanda huchakaa, vipande huziba njia ya oili, na injini inakufa. Kwa upande wa pili, Toyota Corolla au C-HR ya haibridi ya cc 1800 ina injini ile ile ya familia ya Prius, na Mazda CX-5 ya dizeli ya cc 2200 ina ndugu zake tele mjini. Hilo ndilo swali la kuuliza: gari langu lina ndugu Mombasa?

Dizeli za kisasa zina tatizo la ziada. Chujio la masizi, DPF, hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu wa kasi. Gari linalotoka Kizingo kwenda Nyali na kurudi, au linalosota kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, halifiki joto hilo. Uingereza dizeli ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, nasi kiwango kilichowekwa 2015 kilikuwa 50. Anayeishi mjini na kutoka kwa nadra aje na petroli au haibridi.

Kutu nayo isifichwe. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na gari la miaka mitano linaweza kung'aa juu huku mabomba ya breki yameanza kuliwa chini. Historia ya ukaguzi wao wa kila mwaka wa usalama wa gari, MOT, inasomeka bure mtandaoni kwa namba ya gari. Tafuta maonyo ya kutu. Likiwa nayo, hewa ya pwani itaendeleza kazi hiyo hapa, na gari hilo lisije.

Wanaofikiria kulileta kisha kuliuza wapate faida wajue kwamba gari la msamaha likiuzwa kwa asiye na haki hiyo, ushuru hudaiwa kwanza. Na wanunuzi wa hapa wanataka gia otomatiki, ilhali sehemu kubwa ya magari ya Uingereza ni ya gia za mkono. Kwa hiyo tunamshauri alilete yule mwenye gari la usukani wa kulia, la miaka mitatu hadi mitano, lenye ndugu mjini, anayekusudia kulitumia mwenyewe miaka kadhaa. Aliye na mwaka mzima kabla ya kurejea, na gari lake la sasa halifai, bado ana nafasi ya kulibadilisha huko huko kwa linalofaa na kuanza kuhesabu miezi 12 upya, risiti na kitabu vikiwa kwa jina lake tangu siku ya kwanza.